Vyanzo Kumi na Kimoja

Siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, karani wa takwimu alifungua kufuli mbili za ofisi ya maafa, akafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, akajaza maji kwenye ndoo yenye koki iliyokaa karibu na mlango, akachonga penseli mbili. Watu walimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kuandika kichwa cha habari bila kukipigia mstari kwa rula, hata kwenye karatasi ya kununulia nyanya. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amepanga chumba kimoja mtaa wa chini, na katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kwenda nyumbani akiacha faili wazi mezani.

Kwenye korido, chini ya turubai la buluu, palikuwa na pampu mpya ya kuvuta maji pamoja na jenereta yake. Ilikuwa moja tu. Ilikuwa imekaa pale wiki sita, na tarishi wa ofisi, mzee mwenye maneno mengi, aliitumia kutundikia koti na kuegemezea baiskeli.

Mkuu wa ofisi aliingia saa mbili kamili, barua mkononi.

"Rula, habari za asubuhi. Makao makuu wanataka maelezo."

"Ya nini, Mkuu?"

"Ulinganisho. Mafuriko na ukame, kipi kina hatari zaidi kwa watu wetu. Kurasa mbili, Ijumaa. Mtaa utakaoonekana una hatari zaidi ndio utakaopewa pampu."

"Ina maana pampu inaondoka?" aliuliza tarishi kutoka koridoni. "Na koti langu je?"

"Koti lako tutaliandikia ripoti yake," alisema Mkuu, akaingia chumbani kwake.

Mitaa yenyewe ilikuwa miwili. Mtaa wa chini ulikuwa kwenye bonde, karibu na mto. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nne, saa nane mchana, mto uliingia majumbani, na kwa kuwa bonde lile lilikuwa kama sahani, maji hayakutoka tena. Miezi miwili baadaye bado yalifika magotini kwenye nyumba za mbele, na kwenye vifundo vya miguu kwenye nyumba za nyuma, alikopanga Rula. Watu walikuwa wameinua vitanda kwa matofali na walipikia juu ya viti.

Mtaa wa juu ulikuwa mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Huko mvua haikuwa imejaza hata sufuria kwa miaka miwili. Kisima kirefu kilikuwa kimechimbwa, mita themanini, maji yakaonekana, mabomba yakashushwa, kisha kikafunikwa kwa bati na jiwe kusubiri pampu. Wakati wa kusubiri, watu walishuka mtoni na kupanda tena na madumu kichwani.

Shangazi yake Rula alikaa huko juu. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Mwezi uliopita tabibu wa zahanati alimpima mama huyo, akasema figo zake zimeanza kuchoka, na kwamba asipokunywa lita tatu kila siku zitafunga kabla mwaka haujaisha. Shangazi alikuwa anapata lita moja, na hiyo ilikuwa pamoja na ya kupikia.

"Tabibu anadhani mimi ni bwawa," alimwambia Rula, aliyekuwa amempelekea dumu la lita tano Jumapili.

"Njoo ukae kwangu, Shangazi."

"Kwako maji yako miguuni. Mimi sijui kuogelea."

"Hayafiki hata magotini."

"Leo," alisema Shangazi. "Ukame mimi naujua. Unakuja taratibu, unabisha hodi kila asubuhi, unaniuliza kama nipo. Hayo maji yenu hayabishi hodi."

Habari hizi Rula hakumwambia Mkuu. Aliona mtu anayepima hapaswi kuiegemea mizani. Alichukua daftari jeusi la vifo, akakata shauri kuhesabu waliokufa katika miaka miwili, kwa sababu hiyo ndiyo njia aliyoijua, na kwa sababu maiti haitiwi chumvi.

Mtaa wa chini, sababu ya kifo mafuriko: kumi na mmoja. Wote tarehe moja.

Mtaa wa juu, sababu ya kifo ukame: sifuri.

Alirudia ukurasa kwa ukurasa. Mtaa wa juu walikuwa wamekufa watu thelathini na tisa, wakati miaka miwili ya nyuma yake walikufa wanane. Kuhara, kumi na wawili. Homa, tisa. Kuanguka, saba. Uzee, sita. Moyo, mmoja. Haijulikani, wanne. Hapakuwa na hata mmoja aliyeandikwa kiu. Rula hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Aliiandika ile sifuri kwa penseli, akafunga daftari.

Jumanne saa nne asubuhi walikuja wale kumi na mmoja waliokufa maji. Waliingia kwa lango la mbele, wakasalimia, wakajipanga kwenye benchi la kushoto. Nguo zao zilikuwa zinachuruzika. Tarishi aliwatandikia magunia miguuni.

"Sakafu nimeipiga deki sasa hivi," aliwaambia. "Mngenitumia hata salamu."

"Tusamehe, mzee," alisema fundi cherehani, aliyekuwa msemaji wao. "Haikauki. Tumejaribu jua, tumejaribu moto." Fundi huyu alikufa dukani kwake akijaribu kuinua cherehani juu ya kabati. Alikuwa amevaa koti zito la kijivu alilojishonea mwenyewe, na koti hilo lilikuwa na maji mengi kuliko nguo za wenzake wote. Akamgeukia Rula. "Tumesikia tunalinganishwa. Tumekuja kuhakikiwa."

Rula aliwahakiki. Alimwuliza kila mmoja alikuwa wapi saa nane mchana, maji yalimfika wapi, na yalichukua dakika ngapi. Wa haraka zaidi zilimchukua dakika nne, na wa mwisho, mama muuza mkaa aliyepanda juu ya mlango, dakika arobaini.

Walikuwa wanamalizia walipowasili wa mtaa wa juu. Walikuwa thelathini na watatu. Sita waliobaki walituma salamu, kwa sababu walikuwa wameandikwa "kuanguka" na magoti yao hayakufaa kwa mteremko. Waliokuja walikaa kwenye benchi la kulia, wengine wakabaki wima ukutani, na walikuwa wepesi kiasi kwamba benchi lile, ambalo hulia hata akikaa mtoto, halikulia. Kabla ya kusema lolote walipanga foleni kwenye ndoo ya maji. Ndoo iliisha kwa dakika tano. Tarishi akaenda kuijaza, ikaisha tena.

"Shida yenu ni nini, ndugu zangu?" aliuliza Rula.

"Tumeandikwa vibaya," alisema mwanamke mmoja aliyeshika kikombe cha bati. Alijulikana kwa jina la Mama Mapacha. "Mimi nimeandikwa 'kuanguka'. Kweli nilianguka, tena chali. Lakini nilikuwa na dumu la lita ishirini kichwani, safari ya tatu siku hiyo, na sijanywa kitu tangu jana yake kwa sababu yale maji yalikuwa ya watoto. Kilichoniangusha hakikuandikwa."

"Mimi nimeandikwa uzee," alisema mwanamume mmoja, fundi matofali.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

Benchi la kushoto walicheka, na fundi matofali naye akacheka.

Rula alitayarisha maswali manne: siku ya mwisho ulikunywa nini, kiasi gani, ulikitoa wapi, na ni umbali gani. Aliyapigia mstari, akaanza na wa kwanza. Kazi hiyo ilichukua siku nzima ya Jumanne na Jumatano mpaka saa kumi. Walioandikwa kuhara walikuwa wamekunywa kwenye dimbwi la ng'ombe. Walioandikwa homa walikuwa wamepewa vidonge na kuambiwa wanywe maji mengi. Wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu, aliyejibu maswali yote manne kwa utaratibu, kisha akakohoa.

"Mimi, kusema kweli, ulikuwa moyo," alisema. "Nilikunywa vizuri tu siku hiyo. Nimewasindikiza wenzangu."

Rula alimshukuru, akaacha jina lake lilivyokuwa. Wale sita waliotuma salamu nao hakuwabadilisha, kwa kuwa hakuwasikia kwa masikio yake. Zilibaki roho thelathini na mbili.

Wakati wa kusubiri zamu, mabenchi mawili yalipiga soga, na soga ikawa ubishi.

"Nyinyi angalau mlikufa polepole," alisema mama muuza mkaa. "Mlipata nafasi ya kuaga."

"Tuliaga kila siku kwa miaka miwili," alijibu fundi matofali. "Mpaka waliobaki wakachoka kuagwa."

"Sisi tulikuwa mezani tunakula!"

"Mlikuwa mnakula," alisema Mama Mapacha. "Haya, endelea."

"Maji yalinifuata mpaka juu ya mlango, dada."

"Mimi niliyafuata maisha yangu yote. Hayakuwahi kunifuata hata siku moja."

Fundi cherehani alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wa koti lake, tone baada ya tone, na kufanya dimbwi kwenye gunia. Mama Mapacha aliyaangalia kwa muda mrefu.

"Samahani, kaka," alisema mwishowe. "Hayo yanayodondoka, unayahitaji?"

"Hapana. Nimeyachoka."

Alisogeza kikombe chake cha bati chini ya kiwiko cha fundi. Fundi alilikamua koti kwa mikono miwili, kama mtu anayekamua shuka, na kikombe kikajaa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Waliyaacha yatulie nusu saa, tope likashuka, Mama Mapacha akanywa sehemu ya juu. Fundi akakamua tena, kikombe kikajaa tena. Koti lilibaki limelowa kama mwanzo. Baada ya hapo wale wengine nao walisogeza mikono yao, na hapakuwa na ubishi tena mpaka jioni.

Jumatano, kabla ya kufunga, Rula aliwasomea wote matokeo. Ukame, thelathini na wawili. Mafuriko, kumi na mmoja. Aliuliza kama kuna mwenye pingamizi.

Fundi cherehani alisimama. "Mke wangu yuko hai," alisema. "Bado analala juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, yeye na binti yetu. Maji yako magotini. Hiyo pampu ingekuja kwetu angeshuka." Aliangalia benchi la kulia. "Lakini hesabu ni hesabu. Andika ukweli. Ila na la mke wangu uliandike."

Rula aliliandika, ukurasa wa pili, mistari mitatu. Fundi akaweka kidole gumba kama shahidi, na karatasi ikalowa pembeni.

Njiani kuelekea nyumbani, viatu mkononi, Rula alijisikia mwepesi. Alipiga hesabu kichwani. Mabomba yako tayari. Kufunga pampu ni siku mbili. Jumatatu Shangazi angekunywa lita tatu.

Ijumaa asubuhi Mkuu alipita kati ya mabenchi akiwapa watu mikono.

"Poleni na safari. Mmepata pa kukaa? Tarishi, waongezee benchi." Kisha akaingia kwa Rula, akavaa miwani, akasoma kurasa zote mbili mpaka mwisho. Alisoma bila haraka. Alikuwa mtu mwema na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Kazi safi," alisema. "Haiwezi kwenda."

"Kwa nini, Mkuu?"

Alivuta fomu ya makao makuu. Nyuma yake palikuwa na orodha iliyochapwa ya sababu za vifo, namba moja mpaka ishirini na mbili. "Mafuriko ni namba kumi na nne. Radi ni kumi na tano. Kuumwa na mbwa ni kumi na sita. Kiu iko wapi?"

Rula alitazama. Kiu haikuwapo.

"Tunaweza kuandika chini, kwa kalamu."

"Orodha haiandikwi kwa kalamu, orodha huchapwa." Akageuza fomu. "Haya, tuseme nimefumba macho. Safu ya pili: tarehe ya tukio. Mafuriko yalitokea lini?"

"Tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne."

"Na ukame ulitokea lini?"

Rula aligeuza kurasa za daftari. Mlango ulikuwa wazi, na watu wa benchi la kulia walikuwa wanasikiliza.

"Siku ambayo mvua haikunyesha," alisema fundi matofali.

"Siku ipi?"

"Zote."

Mkuu alivua miwani. "Mnaona, ndugu zangu? Bila tarehe hakuna tukio. Bila tukio hakuna maafa. Mimi siwakatalii. Mama, wewe uliteseka, nakuona kwa macho yangu. Fomu ndiyo inayokataa."

"Mkuu," alisema Rula, na sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida, "huko juu kuna watu wanaoendelea. Walio hai. Daftari hili halijafika mwisho."

"Unaye mtu huko?"

"Shangazi yangu."

"Umemtaja kwenye ripoti?"

"Hapana."

"Umefanya vizuri," alisema Mkuu kwa upole. "Ungemtaja, wangesema umependelea." Akachukua raba, akafuta thelathini na mbili, akaandika sifuri, safari hii kwa wino.

Jumamosi lori lilikuja kuchukua pampu. Marehemu wa mtaa wa juu walisaidia kuisukuma, ingawa walikuwa wepesi mno na haikusogea kwa nguvu zao. Tarishi alitoa koti lake na kulivaa. Ilipofika mtaa wa chini pampu ilifanya kazi vizuri, haina lawama. Kwa siku nne maji yalishuka kutoka magotini mpaka kwenye vifundo, na kwa siku tisa yakaisha. Mke wa fundi alishuka kutoka kwenye meza, akapiga deki, akalala sakafuni na binti yake, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili alinyoosha miguu.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, Shangazi aliingia ofisini. Alikuwa ameshuka mlima peke yake na ndoo ndogo. Vifundo vyake vilikuwa vimevimba na midomo ilikuwa na nyufa. Alisalimia, akakaa kwenye benchi la kulia kati ya Mama Mapacha na fundi matofali, wakamsogelea kwa heshima.

"Bibi, wewe ni marehemu au uko hai?" aliuliza tarishi. "Naandika daftari la wageni."

"Andika unavyoona," alisema Shangazi. "Ukikosea leo, baadaye utakuwa umepatia."

Rula alitoka mbio mezani kwake. "Shangazi! Umekuja kwa miguu hiyo?"

"Nimesikia hapa kuna watu wanaochuruzika. Mimi nina agizo la daktari."

Fundi cherehani alisimama bila kuambiwa, akapiga goti mbele ya ndoo, akaanza kukamua mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha pindo. Ndoo ilijaa kwa saa moja.

"Nilikuwa na ng'ombe aliyetoa kidogo kuliko wewe," alimwambia Shangazi.

"Asante, mama."

"Tena yeye alikuwa anapiga teke."

Maji yalipotulia alikunywa vikombe vitatu mfululizo, Rula akimtazama koo. Kisha akasimama, akainua ndoo, akaiweka chini tena. Asingefika nayo hata kwenye mteremko wa kwanza. Watu wote ofisini waliona hivyo.

"Iache ndoo, mama," alisema fundi. Aliangalia wenzake kumi, mmoja mmoja, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa. "Maji hayapandi mlima. Lakini sisi tuna miguu."

Walipanda naye siku hiyohiyo. Barabara ya mlimani ilikuwa na vumbi la kufika vifundoni, na nyuma yao pakabaki mstari wa matope. Walifika saa saba mchana, wakajipanga mbele ya kile kisima kilichofunikwa kwa bati, na watu wakaja na sufuria, beseni na madumu. Tangu siku hiyo walipanda kila asubuhi isipokuwa Jumapili, ambapo walikuwa tayari wamelala huko. Rula alipima. Mtu wa kawaida alitoa lita nne kwa saa, fundi lita saba kwa sababu ya koti. Haikutosha kumwagilia mboga, na kufua palikuwa na zamu, lakini ilitosha kunywa. Baada ya wiki tatu uvimbe wa miguu ya Shangazi ulipungua. Baada ya wiki sita tabibu alimpima, akasema figo zinajitahidi, aendelee na hilohilo.

Marehemu wa mtaa wa juu nao waliendelea kuja ofisini kila Jumanne kuuliza kama orodha imechapwa upya. Ilikuwa bado. Walikunywa, wakasalimiana na tarishi, wakarudi.

Mwisho wa robo mwaka ilikuja fomu nyingine, ya hali ya maji. Mkuu aliijaza mwenyewe, Rula akimsomea takwimu.

"Mtaa wa juu, vifo vitokanavyo na ukame?"

"Sifuri," alisema Rula.

"Unaona? Kama ukame ungekuwa na hatari kama ulivyodhani, wangekuwa wanakufa." Aliandika. "Vyanzo vya maji?"

Rula alitafakari. "Kumi na kimoja."

"Vingi hivyo? Hongera zao." Aliandika. "Kisima kinahitaji pampu?" Alisoma maelezo ya chini ya safu. "Penye vyanzo zaidi ya vitano, pampu haihitajiki." Akaweka alama.

"Mkuu, vyanzo vyenyewe ni watu."

"Najua. Yule fundi ndiye aliyenishonea suruali hii, na mpaka leo haijaachia hata uzi mmoja. Lakini safu haiulizi ni akina nani." Akafika mstari wa mwisho: idadi ya vyanzo inayotarajiwa mwakani. Alivuta gazeti la siku hiyo, akatafuta utabiri wa hali ya hewa. Mvua za mwaka ujao zilitabiriwa kuwa kubwa, hasa mabondeni. Pampu ya mtaa wa chini ilikuwa imekula matope na ilikuwa gereji, ikisubiri kipuri. Mkuu alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri kila jambo, kisha akaandika: *Vinatarajiwa kuongezeka.*

Jumapili Rula alipanda mlimani. Alimkuta Shangazi uani, kwenye kigoda, na fundi amekaa karibu naye. Aliwaeleza habari za fomu jinsi zilivyokuwa, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuongeza neno.

Shangazi aliweka kikombe chini. Kwa muda alionekana kama hatakigusa tena. Kisha akakichukua, akanywa mpaka mwisho, kwa sababu katika zile tatu za tabibu zilikuwa bado lita mbili.

"Nitashuka kesho nikamwambie mke wangu ahame," alisema fundi. "Yeye na binti. Kabla ya mvua."

"Ahamie wapi?"

"Huku."

"Huku!" alisema Shangazi. "Umtoe kwenye mafuriko umlete kwenye ukame? Huko atakufa siku moja, huku atakufa mwaka mzima. Huku atakunywa nini, fundi?"

Fundi alimtazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba mteja amemwuliza kama dukani kwake kuna uzi.

"Mama," alisema, "si mimi nipo?"

Akanyoosha mkono wa kushoto, na Shangazi akasogeza sufuria.